Msimnyang'anye mtoto lugha ya babu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Binti yangu, aliye gredi ya tatu, alipewa zoezi la Kiswahili la kuandika sentensi kuhusu jamaa zake. Aliandika hivi: "Dada yangu ana miaka themanini na moja na hupenda chai ya tangawizi." Mwalimu alitia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akauliza pembeni itawezekanaje mtoto wa miaka minane awe na dada wa miaka themanini na moja. Binti yangu hakuwa amedanganya. Katika Kigujarati, lugha ya babake, dada ni babu mzaa baba, na mzee huyo tunaishi naye nyumba moja, na chai hiyo ya tangawizi humiminiwa na mtoto huyo huyo kila alasiri baada ya sala.

Kosa lilikuwa kosa, na kwa hilo sina ugomvi na mwalimu. Mtoto anapoandika Kiswahili aandike babu, na nilimweleza hivyo usiku ule ule. Kilichoniumiza ni kilichofuata. Tuliitwa shuleni, tukaambiwa kwa upole kwamba mtoto anachanganyikiwa, kwamba lugha tatu ni mzigo mkubwa kwa kichwa kidogo, na kwamba ingefaa nyumbani tushike Kiingereza peke yake mpaka akili yake ikomae. Mume wangu hakujibu neno. Njiani tukirudi aliniuliza kama kweli miaka yote hii amekuwa akimdhuru mwanawe kwa kusema naye. Kwa siku mbili baada ya hapo alizungumza na watoto kwa Kiswahili tu, kwa uangalifu, kama mgeni aliyealikwa chakula. Siku ya tatu binti yetu alimfuata barazani akamwuliza, "Tame kem chup chho?", yaani mbona umenyamaza, ilhali hakuwa amenyamaza hata kidogo. Kwa mtoto yule, baba asiyesema Kigujarati ni baba aliyenyamaza.

Wasomaji wajue ninazungumza kutoka wapi. Mimi ni Mswahili wa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale. Mume wangu ni Mkenya ambaye babu yake aliabiri kutoka Surat, katika jimbo la Gujarat, akafungua duka Bondeni. Dini yetu ni moja, kwa hivyo tulipotaka kuoana hapakuwa na mgogoro wa ibada. Mgogoro ulikuwa wa ujamaa: upande mmoja ukihofia kwamba wajukuu watakuwa Wahindi wasiojua kwao, na upande wa pili ukihofia kwamba watapotelea Uswahilini. Kabla kifungua mimba wetu hajazaliwa tulikata shauri kwamba baba aseme na watoto Kigujarati, mimi niseme nao Kiswahili, na sisi wawili tuzungumze Kiswahili kama tulivyofanya tangu siku za uchumba. Kiingereza tulikiachia shule, nayo imekifundisha vizuri bila msaada wetu.

Sitadai kwamba ilikuwa rahisi. Mwanangu mkubwa alipofika miaka minne alianza kumjibu babake kwa Kiswahili, kwa kuwa alishatambua kwamba baba anakielewa, na mume wangu alikaribia kukata tamaa. Lililotuokoa ni msiba. Mama mkwe alifariki, na baba mkwe akahamia kwetu, na mzee huyu, ingawa Kiswahili anakijua sana, alikataa kabisa kukisema na wajukuu. Alikuwa akiwaambia kwamba Kiswahili wanacho mji mzima wa kuwafundisha, lakini Kigujarati wana yeye tu.

Kwa hiyo walijifunza, na walijifunza zaidi ya maneno. Kigujarati kina "wewe" mbili: tu, ya mtoto au rika, na tame, ya aliyekuzidi umri. Mtoto akimwita babu yake kwa hiyo "tu", ni sawa na kumpita mzee barazani bila kumwamkia. Watoto wangu hawakuhitaji kuelezwa sana, kwa sababu nyanya yao wa upande wangu alikwisha kuwafundisha shikamoo, na adabu ile ile waliikuta imevaa nguo nyingine. Hata masikio yao yamefaidika. Nyanya huyo bado hutamka paa mnyama kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, kama wasemavyo wazee wa Kimvita, tofauti ambayo maandishi yetu ya kawaida hayaioneshi na ambayo vijana wengi wa Mombasa hawaisikii tena. Wangu huisikia papo hapo, kwa kuwa Kigujarati nacho kina sauti nyingi zinazotofautiana kwa pumzi tu.

Naomba niruhusiwe kusimulia jambo moja zaidi la nyumbani. Baba mkwe amehifadhi daftari la mikopo la duka lao, la mwaka 1962, lenye jalada jekundu lililoliwa na mende pembeni. Limeandikwa kwa hati ya Kigujarati, ile isiyo na mstari wa juu unaounganisha herufi kama ilivyo hati ya Kihindi. Mimi sikuwahi kuelewa hata herufi moja ndani yake. Mwaka jana, wakati wa likizo, mwanangu mkubwa alianza kulisoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari, na nilichosikia jikoni kilikuwa Kiswahili: sukari ratili mbili, unga vibaba vitatu, mafuta ya taa chupa moja, sabuni mche mmoja. Muuza duka aliandika hesabu zake kwa herufi za kwao na kwa maneno ya wateja wake. Nilizima jiko nikaenda kukaa nao.

Ndiyo maana nasema lugha hizi mbili hazikukutana mara ya kwanza tumboni mwangu. Pesa, laki, gari na bepari ni maneno yaliyovuka bahari kutoka India, na hakuna Mswahili anayeyaona mageni leo. Na njia haikuwa ya kwenda upande mmoja. Wahindi wa Afrika Mashariki husema sufuria, fagio na kisu katikati ya Kigujarati chao bila kufikiri, na muhogo wameufanya mogo. Hata wale walioishia Uingereza baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972 waliondoka na neno hilo, na leo mogo huuzwa katika mikahawa ya London na Leicester. Mtoto wangu anapochanganya ndimi anafanya jambo lililofanywa na baba wa babu yake kwenye kaunta ya duka.

Wataalamu wa lugha za watoto wameeleza mara nyingi kwamba kulelewa kwa lugha mbili au tatu hakuleti ugonjwa wa kuchelewa kusema, na kwamba kuchanganya maneno ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Mtoto kama huyu anaweza kuwa na maneno machache kidogo katika kila lugha ukimpima kwa lugha moja moja, lakini ukijumlisha lugha zake zote hapungukiwi. Anachohitaji ni kuzisikia lugha hizo mara nyingi, kutoka kwa watu wanaozimudu vyema na wanaompenda. Kumwambia baba aache lugha anayoimudu, ashike Kiingereza alichojifunzia ofisini, ni kumpa mtoto lugha hafifu badala ya lugha iliyokomaa.

Matokeo ya ushauri huo nayaona kila Jumapili, baba mkwe anapopigiwa simu ya video na wajukuu zake wengine walio Nairobi. Wazazi wao waliambiwa kama tulivyoambiwa sisi, nao wakatii. Mzee huuliza, "Kem chho, beta?", yaani hujambo mwanangu, na mtoto hutabasamu, hupunga mkono, kisha humpa mama yake simu. Ni watoto wazuri wenye adabu. Hawana tu njia ya kumfikia babu yao, na Kiswahili chao nacho kinaishia kwenye maamkizi. Katika nyumba nyingi zilizochanganya asili, wazazi hudhani kwamba wakichagua Kiingereza hawatampendelea mtu yeyote, kumbe mtoto hukosa pande zote mbili kwa pamoja.

Hapa lazima niseme na jamaa wa upande wa mume wangu pia, kwa heshima. Ziko nyumba ambamo Kiswahili ni lugha ya amri tu: leta, peleka, ngoja, safisha. Mtoto hukisikia mama akimwagiza msichana wa kazi na baba akimfokea bawabu, na hakisikii kamwe kikitumiwa kusimulia hadithi, kubembeleza au kuomba radhi. Mtoto huyo akikua hatakosa msamiati peke yake. Atakuwa amefundishwa, bila kuambiwa, kwamba wenye lugha hiyo wako chini yake. Mnamo Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 nchini, nasi tulifurahi. Kuwa kabila la nchi hii kunadai tukijue Kiswahili kwa namna ambayo mtu anaweza kulia nacho na kucheka nacho.

Na watu wangu nao waache kuwaita watoto hawa chotara mbele yao, na kuwataka waseme "Kihindi kidogo tuwasikie", kana kwamba ni kasuku.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Na katika ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kutumia lugha aipendayo na kushiriki utamaduni aupendao. Sioni popote katika ibara hizo panapomtaka mzazi aifunge lugha yake kabatini hadi mtoto amalize masomo. Ninachowaomba walimu si jambo la gharama. Mkikuta katika daftari neno ambalo haliingii akilini, kabla ya kutia alama mwulizeni mtoto: kwenu huyu ni nani? Kisha msahihisheni Kiswahili chake kwa ukali wote mnaoutaka, maana nami nataka kiwe safi. Lakini msiwaambie wazazi waache kusema.

Nimeandika kuomba kukutana tena na walimu wa gredi ya tatu, na nimekubaliwa. Safari hii tutakwenda watatu. Baba mkwe ameomba kufuatana nasi, naye amekwisha kulifunga lile daftari jekundu katika kitambaa, tayari kulibeba.

Wako mwaminifu,
Mama wa watoto wawili,
Mombasa