Ami, kompresa sitainunua

Maskati, Oman

Kwa Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu, napenda kukujulisha kuwa mimi huku ni mzima wa afya na kazi inaendelea. Kama kuna la kulalamikia basi ni joto na ufinyu wa chumba, nayo hayastahili kuchukua nafasi katika barua hii. Ujumbe wako wa sauti, wa kunitaka nimnunulie ndugu yangu Kombo kompresa, umenifika. Nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu ambayo ulidhani umekwisha kuzima simu, ukamwambia Shangazi Mwanaidi kuwa mtoto wa marehemu kaka yako amekwenda Maskati kuchezea maji na kuwafanyia ndugu zake ubahili. Kwa kuwa nimeambiwa maneno hayo yalisemwa pia siku ya khitma, mbele ya wakwe, nimeona nijibu kwa maandishi, na ninaomba barua hii isomwe mbele ya watu wale wale.

Kompresa ya Kombo sitainunua.

Kombo anasema ameonyeshwa gofu la meli nje ya mwamba, na kwamba shaba na chuma chake ni mali isiyo na mwenyewe. Anataka ile mashine ya kujazia upepo matairi aliyoiona sokoni Mwanakwerekwe, aifunge mpira mrefu, ashuke nao mdomoni na msumeno mkononi. Ami, mimi ninalipwa mshahara kwa kujua mambo haya. Hapa juu tunabeba uzito wa hewa wa kipimo kimoja, na kila mita 10 anazoshuka mtu majini zinaongeza kipimo kingine kama hicho, hata akifika mita 30 anavuta hewa iliyogandamizwa mara nne. Naitrojeni iliyomo ndani ya hewa hiyo huingia katika damu na nyama za mwili, na haitoki salama ila mtu apande polepole, mita 9 kwa dakika au pungufu, kisha atulie kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoa kichwa. Akipanda kwa pupa inageuka mapovu ndani ya mwili wake, na povu likikaa kwenye uti wa mgongo, kijana aliyeshuka kwa miguu yake hupakuliwa chomboni kwa kubebwa. Katika pwani nyingi za dunia wavuvi wa majongoo ya baharini wanaotumia mipira ya kompresa wamepooza kwa njia hiyo hiyo. Sijataja bado moshi wa injini ya mashine yenyewe, ambao sumu yake huvutwa pamoja na hewa na inaweza kumfikia mzamiaji chini bila yeye kuhisi harufu yoyote.

Huko "kuchezea maji" kwangu, Ami, maana yake ni kwamba mimi ndiye ninayetangulia mbele ya wageni, Wajerumani na Waomani, na hakuna anayeshuka kabla sijakagua mtungi wake wa hewa. Meli tunayoizamia zaidi ni Al Munassir, iliyokuwa ya jeshi la majini la Oman, ya kushushia magari na askari ufukweni, yenye urefu wa mita 84. Mwaka 2003 waliizamisha kwa makusudi karibu na Bandar Khayran ili iwe makazi ya samaki, na mpaka leo imekaa wima juu ya mchanga, kwenye kina cha mita 30 hivi. Ukishuka unaona kwanza giza la buluu, halafu mlingoti, halafu sitaha nzima inajitokeza chini yako. Huko chini rangi nyekundu haifiki, kila kitu ni kijivu. Lakini nikiwasha tochi ukutani, matumbawe laini yanawaka mekundu na ya zambarau, na wageni hupiga kelele ndani ya vipumulio vyao.

Upande wa tezi, nyuma ya meli, pana bomba la hewa ambamo anaishi samaki aina ya mkunga mwenye madoa kama sega la asali, mnene kuliko paja langu. Nimekaa mbele yake mara nyingi. Hufumbua kinywa na kukiacha wazi, na kamba mdogo mwenye sharubu nyeupe huingia humo ndani, akamtoa mabaki ya chakula jino moja baada ya jingine, wala mkunga hafumbi kinywa mpaka yule amalize. Kwenye waya uliokatika nimewahi kumwona farasi wa baharini amejizungushia mkia, urefu wake haufiki kidole. Changu wamesimama makundi kwa makundi chini ya sitaha, na chewa hukaa mlangoni mwa chumba cha nahodha kana kwamba ndiye anayelipa kodi.

Na hawa wote, Ami, hawakuwapo. Palikuwa mchanga mtupu, ambao tumbawe haliwezi kuushika. Ulipopatikana ukuta mgumu wa chuma, vikaja chaza na sifongo, vikafuatwa na vidagaa wanaotafuta pa kujificha, na vidagaa wakawaleta wakubwa wao. Kombo akikata bamba moja la kuuza kwa kilo, atapata fedha za juma moja, na wavuvi wenzake watapoteza mahali pa kutupa mshipi kwa miaka. Sisemi kuwa gofu la meli halina ubaya wake: huwakusanya samaki mahali pamoja, na mwenye tamaa huwamaliza upesi. Dema au wavu ukinasa hapo huendelea kuua bila mvuvi, ndiyo maana sisi hushuka na visu kuvikata.

Umenitajia Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyopigwa na manowari ya Wajerumani, Königsberg, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kuwa bado ina utajiri chini. Wenye vyombo vikubwa walikwisha kuvua chuma chake mwaka 1955, Ami. Baadhi ya mabaharia wake wamelala makaburini kisiwani Chapwani, na ninashangaa kuwa wewe, uliyetukataza hata kuchuma mapera ya makaburini, unampeleka Kombo kwenye meli yao na msumeno.

Nisidhaniwe nimejisahau. Wazanzibari wamejaa Maskati na Kiswahili nakisikia kila siku, lakini nikimwona pweza ametoa jicho kwenye tundu la boriti nawaza tui la Bi Mkubwa, na jioni hiyo wali wa hapa haupiti kooni.

Kwa hiyo nimekata shauri hivi. Kombo akikubali kujifunza kuzamia kwa mtungi, na kwa mwalimu, nitailipa ada yote. Nungwi wanahitaji vijana wanaoijua bahari, na mgeni hulipa kwa kuiona meli ikiwa nzima. Fedha nitazituma moja kwa moja kwa wafundishaji, hazitapita mkononi mwake wala, uniwie radhi, mkononi mwako. Yale ya mbuzi bado ninayakumbuka. Jibu lake nalitaka kabla ya kusi kuanza, na aniandikie mwenyewe.

Shangazi Mwanaidi mwambie kitenge chake kimo njiani na bahasha ya Bi Mkubwa anayo Salum, anafika Ijumaa.

Wasalaam,
mwanao