Mkwaju si "indicus"

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari ya upandaji miti imenishinda. Mwandishi wako ameuita mkwaju "Tamarindus indicus", kisha akadai uliletwa huku kutoka India, "kama jina lake linavyoonyesha".

Jina la kisayansi ni Tamarindus indica. Ndivyo Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea Mswidi, alivyoliandika mwaka 1753. Katika Kilatini miti kwa desturi huhesabiwa kuwa ya kike hata jina likiishia na -us, ambayo kwa kawaida ni ya kiume, na kivumishi hufuata jinsi hiyo ya kike, hapa kwa -a. Mwaloni mweupe ni Quercus alba, si albus. Sisi tunaosema "kifaru mkubwa", wala si "kifaru kikubwa", hatuna kisingizio cha kutolielewa jambo hili. Na hiyo India? Waarabu waliliita tunda tamr hindi, tende ya Kihindi, na humo ndimo Tamarindus ilimotoka. Indica, yaani ya India, ikarudia neno lilelile. Mti wenyewe ni wa Afrika, unajiotea porini kwetu bila kupandwa na mtu. Mwarobaini na mwembe nayo huitwa indica, na hiyo kweli asili yake ni upande ule.

Mwaka jana nililikuta kosa hilohilo kwenye kibao katika uwanja wa ofisi moja ya umma. Nikamfuata msimamizi. "Mzee wangu, us na us zinaendana, nani atajali?" Nani atajali! Wakati huohuo msichana mwenye sare alikuwa amesimama chini ya mti ananakili daftarini herufi kwa herufi, akaupeleke darasani uongo uliopakwa rangi na serikali. Na kibao chenyewe kimepigiliwa kwa msumari wa inchi nne, gome limepasuka, utomvu umeganda mweusi hadi chini. Barabara nzima ndivyo ilivyo: waganga, vyuo, mafundi wa dishi, kila mmoja na msumari wake, na hakuna anayeulizwa.

Naomba usahihishe ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule wa maandishi, herufi za mlazo, i ndogo. Kibao kihamishiwe kwenye kigingi pembeni ya shina. Rangi nyeupe na brashi nyembamba ninazo. Wanifungulie geti tu.

Mwalimu mstaafu,
Tanga