Wanafunzi wa fizikia wasilazimishwe kupika majibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Ninaandaa vifaa kabla wanafunzi hawajaingia, ninakuwa nao wakiwa kazini, kisha ninakusanya ripoti. Kwa hiyo ninayaona mengi ambayo anayesahihisha ripoti hizo ofisini hawezi kuyaona.

Jaribio la kwanza kwa mwaka wa kwanza huwa ni pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi: uzi, nati nzito, stendi, rula ya mita na saa ya kwenye simu. Muhula uliopita nilimtazama binti mmoja aliyefanya kazi yake kwa utulivu kuliko wenzake wote. Alipima uzi mpaka katikati ya nati, si mpaka kwenye fundo kama wengi wanavyofanya. Aliacha bembeo litulie ndipo akaanza kuhesabu. Alipopiga hesabu, mchapuko wa uvutano, yaani kasi ambayo kitu kinachoanguka huongeza kila sekunde, ukatoka mita 9.77 kwa sekunde. Akachungulia daftari la jirani, akafuta vipimo viwili kwa raba, akaandika vingine, na jibu likatoka 9.81 kama la kitabuni. Akapewa alama zote. Kijana aliyekaa nyuma yake aliacha 9.76 yake kama ilivyotoka. Huyo alikatwa alama na kuandikiwa kwa wino mwekundu kwamba amekosea.

Mhariri, wale wawili walikuwa karibu na ukweli kuliko kitabu. Hiyo 9.81 ni ya nchi zilizo mbali na ikweta, kama za Ulaya. Mbeya iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na mwinuko wake ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta, kwa hiyo huku tuko mbali zaidi na kitovu chake. Kujizungusha kwake nako kunapunguza uvutano tunaoupima, na milima yetu inaongeza umbali mwingine. Ukijumlisha yote unapata takriban 9.78.

Na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kwa uzi wa mita moja, tofauti kati ya 9.78 na 9.81 haionekani kwenye saa ukihesabu bembeo 10 za kwenda na kurudi. Ukihesabu bembeo 100 tofauti inafika kama theluthi moja ya sekunde, na mkono unaobonyeza saa unaweza kukosea kiasi hicho hicho. Mwanafunzi akishaliona hilo mwenyewe, anaelewa kwa nini kipimo hurudiwa, kwa nini urefu unaosomwa vibaya kwa milimita moja si jambo dogo, na kwa nini kila jibu lazima liandikwe pamoja na kiwango cha mashaka yake, yaani linaweza kuwa limekosea kwa kiasi gani. Ukimpa jibu kabla hajaanza, anachojifunza ni kulifikia tu. Wenyewe wanaita kupika data, na wanaongea hivyo mbele yetu bila kificho kwa sababu wamezoea kwamba ndivyo alama zinavyopatikana.

Sisi watu wa kusini tuna sababu ya ziada ya kulikataa hili. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi Magamba huko Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipokuja shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza jambo hilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amekuja kuzungumza na wanafunzi, na darasa likamcheka. Osborne akarudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu linalotakiwa! Hata hivyo Mpemba na Osborne walichapisha waliyoyaona mwaka 1969, na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo lipo kweli na kwa masharti gani. Ubishi huo haupunguzi heshima ya Mpemba hata chembe. Aliandika alichokiona, si alichoambiwa.

Najua jibu litakalokuja: vifaa hakuna. Ni kweli, vingi vimechoka. Lakini kufuta kipimo halali hakutokani na uhaba wa vifaa. Wale wanaosoma elimu ya anga wana kifaa kisicholipiwa. Ipo nyota iitwayo Eta Aquilae, katika kundi la Tai, ambayo mwangaza wake hushuka mpaka karibu nusu na kupanda tena kila baada ya siku 7 na saa chache. Mtazama nyota Mwingereza, Edward Pigott, aliigundua tabia hiyo mwaka 1784. Inaonekana kwa macho matupu, na mwishoni mwa Agosti saa tatu usiku inakuwa karibu utosini kwetu. Mwanafunzi anailinganisha na nyota za jirani ambazo mwangaza wake unajulikana, anaandika tarehe, saa na makadirio yake, basi. Wakati huo wengi wako likizo au kwenye mafunzo ya vitendo: mmoja Makete, mwingine Ludewa, mwingine Tukuyu kwenye mawingu. Wakirudi waunganishe madaftari yao na kuchora grafu moja. Hapo watagombana vizuri kuhusu nani aliona sawasawa na nani alizuiwa na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nyota za aina hiyo ndizo zinazotumika kupima umbali wa galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota, kwa hiyo si mchezo wa watoto.

Ninachowaomba wakuu wa idara za fizikia Mbeya na Iringa ni hiki. Ripoti za maabara zisahihishwe kwa namna mwanafunzi alivyopima na alivyotetea mashaka ya kipimo chake. Daftari la maabara liandikwe kwa wino, kurasa zikiwa na namba. Kipimo kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja, kibaki kinasomeka na sababu yake iandikwe. Na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe muhula mmoja na swali moja ambalo hata mhadhiri wake hana jibu lake mfukoni. Wengi wa vijana hawa wanakwenda kufundisha kwenye shule za kata, katika maabara ambazo wananchi tulichangishwa fedha zijengwe. Mwaka wa masomo ukianza, mimi niko tayari kubaki jioni na funguo za maabara.

Fundi sanifu wa maabara,
Mbeya