Mwanangu, hayo majoka yasubiri kwanza

Mwanangu, baba,

Shikamoo yako tumeipata, marahaba. Huku Arusha hatujambo wote, bibi yako anakusalimu na anauliza kama kweli umeamua kulala nje kwenye nchi ya baridi namna hiyo wakati una nyumba na hita unalipia, nikamwambia mwache, ndo starehe zao. Mi mwenyewe nilivyosikia unataka kwenda kukaa kambini Julai pale Moesgård, huko Denmark, umevaa kanzu ya sufu kama Mviking, wale mabaharia wa zamani wa kaskazini ya Ulaya, nilicheka mpaka babako akatoka nje kuuliza kuna nini, lakini nilivyofika pale uliposema hema unalishona mwenyewe nikaacha kucheka, maana sasa umeingia kwenye kazi yangu. Hayo maturubai ya mahema ya safari ndo yamekulipia ada, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Zile link ulizotuma nimezisoma zote. Kwamba hiyo meli ya Oseberg ilizikwa huko Norway mwaka 834 na wanawake wawili ndani, na walivyoifukua 1904 wakakuta mkokoteni, vitanda, na mbao za hema zimekatiza juu zenye vichwa vya wanyama, na kwamba ile ya Gokstad ya 1880 nayo ilikuwa na mbao zake. Nimependa sana hiyo habari, wanawake wanazikwa na hema lao kabisa! Sasa babako alivyoviona vile vichwa ndo akachanganyikiwa, unamjua seremala akiona nakshi, kaikuza picha weee, anasema uanze kuchonga leo leo kabla ubao haujakauka sana. Usimsikilize. Yaani kwenye fremu msikilize, hapo ni bingwa, ila kwenye mpangilio wa kazi nisikilize mimi: fremu tupu kwanza, kitambaa pili, majoka, yaani hivyo vichwa, mwisho kabisa kama muda utabaki. Kichwa cha joka hakizuii mvua, na najua ukianza nacho utamaliza baridi yote unachonga pua, mwezi wa sita ndo unakimbizana na turubai usiku.

Haya, fremu. Nakuandikia alivyosema babako maana yeye simu inamshinda kuandika. Kwa watu wawili na mizigo yenu mbao nne za mita 3 zinatosha, upana sentimita 20, unene 3, paini inatosha kwa mara ya kwanza kama ile miti yao ya ash ni bei mbaya, ila chagua zisizo na vifundo karibu na tundu. Tundu la chini liwe sentimita 15 kutoka mwisho, la juu mita 2.4 kutoka hilo la chini, zinazobaki huko juu ndo za hayo majoka yenu. Miguu ukiitanua chini nayo iwe mita 2.4 unapata pembetatu sawa pande zote, na urefu hapo katikati unakuja mita 2 na kidogo, utasimama bila kuinama. Miti mitatu mirefu ya mita 3 hivi bila kuhesabu ndimi zake, mmoja juu na miwili chini, kila mwisho unachongwa ulimi wa kupita kwenye tundu, afu kabari inapigwa kwa nje. Hakuna msumari hata mmoja, na halihitaji kamba za kuvutia pembeni, linasimama lenyewe.

Hapo kwenye kabari babako kanisimamia kabisa nisije nikaandika vibaya. Kama mti una unene wa sentimita 6 ulimi uchonge wa 4, ili kubaki na mabega ya kuzuia ubao usisogee ndani. Tundu la kabari kwenye ulimi lisianzie pale ubao unapoishia, lianze ndani kama milimita 5, yaani ukiuvalisha ubao uone tundu limejificha kidogo chini yake, hapo ndo kabari ikipigwa inavuta ubao mpaka ukabane begani. Ukilianzishia nje, kabari inakaa tu kama pambo na hema linacheza kila upepo ukipita. Na jambo ambalo anasema wengi hawalioni mpaka wameshakata: juu mbao zinapishana, moja inakaa ndani nyingine nje, kwa hiyo ulimi wa juu lazima upite mbao mbili na sio moja, na kule chini miguu haiwi kwenye mstari mmoja. Kama mbele umeweka ya kushoto nje, nyuma weka ya kulia nje. Hivyo miti yako miwili ya chini inakuwa na urefu sawa, kila mmoja unazidi ule wa juu kwa unene wa ubao mmoja. Kata alama ndogo kwa patasi kila kiungo, kimoja kimoja na mwenzake, maana mtakuwa mnalisimamisha usiku na watu wamechoka. Na funga kamba chini mguu kwa mguu kila mwisho ili isitanuke.

Simamisha fremu sebuleni au kwenye hiyo besimenti yenu, ipime kwa futi, kipimo cha kwenye karatasi kisahau. Sasa ndo unakuja kwangu.

Kitambaa. Umeniuliza sufu, kitani au pamba. Hao watu matanga yao yalikuwa ya sufu, na kitani walikuwa nacho, pamba haikuwa kitu cha kwao, kwa hiyo mtu mkali wa historia atakunong'oneza. Lakini kama kikundi chenu kinaruhusu pamba, chukua pamba. Kitani ni kizuri, ila mita 16 za kitani kizito utauza baiskeli. Turubai ya pamba ya gramu 340 hivi kwa mita ya mraba inatosha, usichukue ile nene ya lori utashindwa kuibeba ikilowa, na chukua rangi yake ya asili, achana na nyeupe ya kung'aa. Kuna iliyotiwa dawa ya maji na ukungu tayari, hiyo usiifue na sabuni hata siku moja, sabuni inaondoa dawa. Kama ni mbichi haina dawa, iloweshe yote kabla ya kukata na uianike ikauke kabisa, maana pamba mbichi inarudi, mita 5 zinaweza kukuibia sentimita 20 na zaidi, afu fremu yako ya mbao yenyewe haijarudi popote. Ndo maana nasema kitambaa kikatwe baada ya fremu na baada ya maji. Najua huko Januari huna pa kuanika, basi subiri Aprili, huku unaendelea na mbao.

Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kinakufaa vizuri sana. Paa: vipande viwili vya mita 5, vinapita juu ya mti kutoka upande mmoja mpaka mwingine, unaviunga katikati kwa mshono mmoja. Ukitoa mshono na mapindo utapungukiwa kidogo mita 3, na ndivyo inavyotakiwa, hema likiwa sawasawa na fremu halikazi, liwe dogo kidogo afu kamba ndo ziumalizie mvuto. Milango: kata kipande cha urefu wa mita 2.2, upana mita 1.25, kipasue kona kwa kona unapata pembetatu mbili, hizo ni mlango wa upande mmoja. Moja itakuja imegeukia kusiko, usipaniki, igeuze tu ndani nje, turubai haina uso wala mgongo. Kile kipande chembamba kinachobaki pembeni cha sentimita 25 kipasue kwa urefu ukishonee kwenye milango ili ipandane pale katikati, la sivyo upepo utakutembelea usiku.

Sasa ule ukingo ulioukata mshazari kaa nao macho. Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, ukikivuta hata kidogo tu unaposhona, unamaliza mlango umekuwa mrefu kuliko paa na unabaki na mikunjo ya ajabu huko chini. Weka ukingo wa paa chini kwenye meza, huo umenyooka haudanganyi, ulaze wa mlango juu yake bila kuvuta, bana na vibanio vya nguo kila kiganja kimoja, anza juu kwenye ncha ushuke. Ikizidi chini, kata. Usijaribu kuigawanya njiani.

Mshono ni ule wa pembeni mwa suruali ya jinzi, kingo mbili zinamezana na unapita mara mbili, na mkunjo uangalie chini ili maji yateremke yasikae. Uzi chukua ule wenye moyo wa poliesta na pamba nje, pamba ikilowa inavimba inaziba tundu la sindano. Sindano namba 18, hatua ya milimita 3 mpaka 4, ukibana sana mishono unatoboa turubai kama stempu, itachanika hapohapo. Cherehani yako hiyo ndogo itapita kwenye mshono wa kawaida, ila pale mapindo yanapokutana na mshono wa paa zinakuwa safu sita na zaidi, hapo itakataa. Usiilazimishe na mota. Weka pale juu ya kipande cha mbao, ponda na nyundo ya mti mpaka palale, afu zungusha gurudumu kwa mkono hatua kwa hatua. Au hapo shona kwa mkono kabisa, uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, tena ndo patapendeza. Ile mishono mirefu ya ndani hakuna atakayepiga magoti kuangalia, pindo la mlangoni ndo kila mtu anaona, hilo fanya kwa mkono. Na usichore na kalamu ya wino, itatokea upande wa pili mvua ya kwanza, tumia chaki.

Matundu ya kamba usiweke zile ringi za chuma, zitakuaibisha. Tengeneza kiduara cha kamba, kilaze juu ya tundu, ukishonee kuzunguka mpaka uzi ukifunike chote. Inachukua muda, fanya ukiwa unaangalia mpira.

Kuhusu katani uliyoomba nikutumie na mjomba akitoka Tanga, kwa kweli ningekutumia kwa furaha, lakini baba hiyo itakuangusha zaidi ya ringi za chuma. Mkonge wenyewe asili yake ni Mexico, umefika Tanga 1893 na Mjerumani, Mviking hajawahi kuuona hata kwenye ndoto. Wao walitumia magome ya miti, manyoya ya farasi, ngozi ya walrusi, yule mnyama mkubwa wa bahari ya barafu, na hempu. Tafuta ya hempu kwenye maduka ya vifaa vya boti, ndiyo, ni ndugu yake bangi lakini ni kamba tu, bibi yako usimwambie.

Hema likiisha usiende nalo moja kwa moja kambini. Lisimamishe uani, limwagie maji na mpira mpaka lilowe chapachapa, liache likauke, rudia mara mbili tatu. Mara ya kwanza litavuja kwenye mishono, ni kawaida, usikimbilie kupaka vitu. Nyuzi zikivimba zikakauka zinakaa. Ukiwa kambini mvua ikinyesha msiguse paa kwa ndani, mkiweka kidole maji yanafuata kidole. Na kamba zilegeze kidogo jioni ukiona mawingu, pamba na hempu vikilowa vinakaza, asubuhi unakuta mshono umefumuka. Kulikunja likiwa bichi ni marufuku, kama mmelazimika kuondoka na mvua basi mkifika tu litandazeni hata sebuleni, ukungu unaingia siku mbili na hautoki.

Mbao babako anasema zipake mafuta ya mbegu za kitani, tabaka nyembamba. Matambara ya kupakia usiyavingirishe ukayaacha kwenye kona, yanajipasha moto yenyewe na kuwaka, yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

La mwisho na hili ni la mama sio la fundi: jiko la mkaa halilali ndani ya hema, hata kama limebakia majivu mekundu tu, hata mlango ukiwa wazi. Huku kila mwaka tunasikia watu wamelala nalo hawakuamka. Baridi ikizidi ongeza ngozi ya kondoo chini, baridi inatokea ardhini zaidi ya juu. Moto wenu uwe mbali na pamba.

Babako anauliza gari lenu lina kerea ya juu ya urefu gani, maana miti ya mita 3 haiingii ndani, na kama haitoshi atakuchorea namna ya kuunga mti wa juu katikati kwa bomba la chuma, mnalificha kwa kamba. Tuma kipimo hicho leo. Na ukishapitisha mshono wa kwanza wa paa nipigie video kabla hujaanza wa pili, jioni baada ya saa mbili nakuwa nimetoka kazini.

Mama yako