Mwanangu, usimwambie rubani ashuke zaidi

Mama,

Nimeiona picha uliyotuma jana usiku, hicho kindege kimetolewa mlango na wewe umesimama pembeni yake unacheka. Nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji. Mama yako nimemwambia umetuma picha ya ndege basi, habari ya mlango sijamwambia na wewe usimwambie mpaka urudi.

Kazi ya kupiga picha jangwa ukiwa kwenye ndege unaijua, sikufundishi kazi. Na mimi ndo niliyesema kupiga picha ni mchezo, hilo unalikumbuka vizuri kuliko mimi, ila siku hizi mgeni hajakaa kwenye kiti nishampeleka ukutani kumwonyesha. Ile ya matuta ya mchanga ilitundikwa kichwa chini karibu mwezi mzima, sisi tunaona mashimo tu, tunajiuliza nani kachimba jangwani. Mdogo wako akaigeuza, mwanga ukawa unatoka juu, yale mashimo yote yakawa vilima. Nilikaa naigeuza na kuirudisha kama mtoto. Ndo nikaelewa kwa nini kila siku unapigia kelele kivuli.

Sasa nina neno moja tu na nitalirudia mpaka ulichoke. Ukiwa juu usimwambie rubani ashuke zaidi. Usimwambie apunguze mwendo. Usimwambie "hebu kunja tena kidogo, nimeikosa".

Ulisema unaitaka ile meli, Eduard Bohlen, iliyokwama pwani ya Namibia mwaka 1909 na leo imelala mchangani mita mia kadhaa kutoka kwenye maji. Nimeitafuta nikaiona, ni kitu cha ajabu kweli na sikulaumu kuitaka. Ila kitu kama hicho ndo kinachonitisha kuliko matuta, maana matuta unapita tu, meli mtaizunguka, na mkiizunguka wewe unaiangalia kwenye lenzi na rubani naye ataanza kuiangalia kwa ajili yako, halafu nani anaangalia spidi? Nimesoma mama, usidhani nasema kwa uoga tu. Ndege ambayo ikiwa imenyooka inaanza kuanguka mwendo ukipungua chini ya kilomita 100 kwa saa, ikikunja kona bila kushuka huku imelala digrii 60 itaanguka hata kwenye 140, kwa sababu mabawa hapo yanabeba uzito mara mbili. Ikiwa juu sana rubani anasukuma pua chini, inachukua mwendo, anaiokoa. Ikiwa chini haina pa kushukia. Yaani kile unachokiomba ili picha ipendeze, chini, polepole, kona kali, ndo hicho hicho kinachoua, na vinaua vikiwa pamoja.

Utaniambia rubani ndo anaamua. Hapana. Rubani anaamua na mteja kakaa pembeni yake kalipia saa nzima.

Habari ya ile ajali iliyoumiza mguu wa mjomba wako, mimi nikiwa kwenye usukani, unaijua, na miaka yote hii tumesema ni breki. Breki ilikuwa na shida kweli. Ila kulikuwa na abiria mbele ana haraka, ananiambia dereva vipi, mbona unatembea hivi, wenzako wote wanatupita, na hakunitukana wala nini, aliomba kwa upole tu. Nikakanyaga mafuta. Basi. Ndo maana nakwambia mtu akiwa kwenye usukani na mtu mzuri anamwomba, anakubali, hata kama mwili wake unamkataza. Usiwe wewe yule abiria.

Kwa hiyo kaeni chini kabla hamjapaa mkubaliane, urefu huu hatushuki chini yake, mwendo huu hatupungui, kona hii hatuzidishi, na mwambie wazi kwamba ukianza kuomba zaidi akukatalie na hutakasirika. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, asikie.

Bomba la nyuma limeanza kuvuja tena, fundi kaja mara mbili anafunga na kamba ya mpira, nitalibadilisha lote. Mdogo wako kahamishia kitanda chake chumbani kwako, anasema ni kwa muda. Sijamfukuza.

Halafu asubuhi. Najua unataka alfajiri kwa sababu jua likiwa chini vivuli vinakuwa virefu na mchanga unaonyesha umbo lake, saa sita kila kitu kinakuwa bapa. Na mchana kule hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, ndege inahitaji njia ndefu kupaa na inapanda kwa shida, tena inarushwarushwa na joto la ardhi, kwa hiyo asubuhi nakubaliana na wewe. Lakini pwani ile ina mkondo wa maji baridi ya bahari, wanauita Benguela, na ukungu wake mara nyingi unakuja usiku na asubuhi, saa zile zile unazozitaka wewe. Meli yenyewe ilikwama kwa sababu ya ukungu. Mkiukuta umekaa, subirini uondoke, na siku ikiisha bila picha iishe. Usihesabu hela mbele ya rubani.

Chochote kisichofungwa usipande nacho. Kile kikombe cha mbele ya lenzi kitoe au kifunge kwa tepu, upepo ukikinyofoa kikapiga mkia wa ndege hiyo si hasara ya kamera tena. Mkanda wako wa kiti na mkanda wa kamera iwe vitu viwili, na usifungue wa kiti ili uchungulie vizuri. Nakujua unavyochungulia.

Maji beba, hata kama wanasema ni saa moja tu. Kuna rubani mmoja Mwingereza, Bill Lancaster, alianguka Sahara mwaka 1933, hakufa kwa kuanguka, alikaa siku 8 pembeni ya ndege yake anaandika kwenye daftari mpaka maji yakaisha. Walimkuta 1962. Niliisoma hiyo saa nane usiku na sikulala tena, nikatoka nje nikaanza kuosha gari. Siku hizi kuna kifaa kinachoita kwa setilaiti ndege ikianguka, muulize rubani kiko wapi na kinawashwaje kwa mkono, akuonyeshe, asikwambie tu kipo. Na watu wawili muhimu wajue mnapita wapi na mnarudi saa ngapi.

Najivunia wewe, sijui kama nimewahi kusema. Picha zako zimenifanya niangalie hata ardhi ya nyuma ya nyumba kwa namna nyingine.

Mama yako anauliza kama ulichukua sweta, maana bila mlango kule juu... hapana, mlango hajui, anauliza tu sweta.

Mkitua, kabla hujafungua kamera kuangalia ulichopata, niandikie "nimetua". Neno hilo moja linatosha. Simu nitakuwa nimeichaji.

Baba yako