Anayejifunza programu aanze na karatasi na kalamu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya maoni ya wasomaji nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyowaanzisha watu katika uandishi wa programu za kompyuta. Nimekuwa nikiwafundisha wanaoanza kwa miaka mingi, wengine vijana na wengine watu wazima wenye kazi zao, na karibu wote huja na swali lilelile: nijifunze lugha gani? Swali hilo si baya, ila limepewa uzito lisiostahili, hata kozi nyingi hutangazwa kwa jina la lugha na mwanafunzi hupimwa kwa idadi ya lugha anazozitaja, huku mambo mawili yaliyo kiini cha kazi yenyewe, yaani kufuatilia hatua za programu kwa akili yako na kupanga data kabla ya kuandika msimbo, yale maagizo ya programu yenyewe, yakiachwa mwanafunzi ayaokote mwenyewe njiani.

Lugha ni sehemu ndogo ya kazi hii. Lugha ya C, kama ilivyosanifiwa mwaka 1989, ina maneno maalumu 32 tu, na Python ya miaka ya karibuni ina 35. Dhana zilizo nyuma ya maneno hayo ni chache vilevile: kigeu, yaani kisanduku chenye jina ambamo thamani huwekwa na kubadilishwa, sharti, linaloamua njia ipi ifuatwe, kitanzi, kinachorudia hatua mpaka sharti fulani litimie, na fanksheni, yaani kipande cha kazi kilichopewa jina ili kiitwe kila kinapohitajika. Aliyezielewa katika lugha moja huzitambua katika nyingine bila shida kubwa. Kinachomkwamisha mwanafunzi ni kingine, na njia nyepesi ya kukieleza ni kwa mfano.

Mwanafunzi ameombwa aandike programu ya kutafuta namba iliyo kubwa kuliko zote katika orodha. Anaandika hivi, nikiugeuza msimbo wake kuwa maneno ya kawaida: weka 0 katika kigeu kiitwacho "kubwa", pitia kila namba iliyomo katika orodha, ukikuta namba inayozidi "kubwa", iweke namba hiyo katika "kubwa", mwishoni, toa "kubwa". Anaijaribu kwa orodha ya 3, 8 na 5, skrini inamwonyesha 8, naye anaona kazi imekwisha. Hapo humpa karatasi na kalamu, nikamwomba achore jedwali lenye safu mbili, moja ya namba inayotazamwa na nyingine ya thamani ya "kubwa", kisha aifuate programu yake hatua kwa hatua kwa orodha ya -4, -9 na -2, tuseme ni vipimo vya joto vya siku tatu za baridi kali. Anaanza na 0. Je, -4 inazidi 0? Haizidi, kwa hiyo "kubwa" inabaki 0. Na -9? Haizidi. Na -2? Haizidi. Anafika mwisho wa jedwali akiwa na jibu 0, namba ambayo haimo kabisa katika orodha aliyopewa.

Kalamu husimama. Nimeishuhudia hali hiyo mara nyingi na bado hunigusa, kwa sababu ndipo mtu anapotambua kwamba programu inaweza kutoa jibu sahihi leo na isiwe sahihi hata kidogo. Marekebisho yenyewe ni ya mstari mmoja, yaani "kubwa" ianze na namba ya kwanza ya orodha badala ya 0. Mwanafunzi makini haishii hapo. Huuliza, na orodha ikiwa tupu, hiyo namba ya kwanza itatoka wapi? Swali hilo halijibiwi na lugha yoyote ya programu. Ni lazima mtu akae aamue kama orodha tupu ni kosa la kukataliwa au ni hali ya kawaida inayohitaji jibu lake maalumu, na uamuzi huo ndio hatua ya kwanza ya usanifu, ingawa mwanafunzi hajui bado kwamba ameshaingia humo.

Wengi huona zoezi hili linachelewesha. Hupenda kuandika, kuendesha, kuona kosa, kubadilisha alama hapa na namba pale, kisha kuendesha tena mpaka ujumbe wa kosa utoweke. Huko ni kupiga ramli. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alichapishiwa barua kwa mhariri, kama hii ninayokuandikia, katika jarida la ACM, chama cha wataalamu wa kompyuta chenye makao Marekani, akiipinga amri iliyoruhusu programu kuruka kutoka mstari wowote hadi mwingine. Hoja yake ilikuwa kwamba akili ya binadamu hushika vizuri mpangilio uliotulia kuliko mwenendo unaobadilika kadiri muda unavyopita, hivyo programu iandikwe kwa namna ambayo sura yake kwenye karatasi inakaribiana na mwenendo wake inapoendeshwa. Barua ile fupi ilizua mjadala wa miaka mingi, na leo lugha za Python na Java hazina kabisa amri hiyo. Dijkstra alikuwa akimtetea msomaji wa programu, naye msomaji ndiye tunayemsahau darasani.

Upande wa kusanifu mifumo hali ni mbaya zaidi, maana kozi za mwanzo nyingi hazigusi usanifu kabisa, kana kwamba ni somo la wakubwa. Tuchukue mfumo wa maktaba. Anayeanza hukimbilia kuchora skrini: kitufe cha kuazima, kitufe cha kurudisha, rangi za kupendeza. Data huiweka katika jedwali moja refu ambalo kila mstari wake una jina la kitabu, jina la msomaji, namba ya simu ya msomaji na tarehe ya kurudisha. Siku za kwanza mambo hwenda sawa. Kisha msomaji aliyekwisha kuazima mara 40 anabadilisha simu, na namba yake ya zamani imeandikwa katika mistari 40. Ikisahihishwa 39 na mmoja ukasahaulika, mfumo una namba mbili kwa mtu mmoja na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Kitabu ambacho hakijawahi kuazimwa hakina mstari wowote, kwa hiyo machoni mwa mfumo hakipo, hata kama kimesimama rafuni.

Dawa ni majedwali matatu: la vitabu, la wasomaji na la maazimo, hili la tatu likibeba tu namba ya kitabu, namba ya msomaji na tarehe, ili kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Msingi wa mpangilio huu uliwekwa na mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd mwaka 1970 alipoeleza kanzidata, yaani hifadhi ya data, ya majedwali yanayohusiana, na kanzidata nyingi tunazozitegemea hadi sasa zimejengwa juu ya fikra hiyo. Mwanafunzi anaweza kuyachora majedwali hayo kwa kalamu katika nusu saa, na akayajaribu kwa kuandika humo vitabu vitatu na wasomaji wawili, kabla hajagusa kibodi.

Baada ya hapo huwauliza wanafunzi wangu swali moja zaidi. Imebaki nakala moja ya kitabu, na wahudumu wawili wanabonyeza kitufe cha kuazima kwa wakati mmoja. Kompyuta ya kwanza inauliza kama nakala ipo na kujibiwa ndiyo, ya pili nayo inauliza kabla ile ya kwanza haijaandika, inajibiwa ndiyo, na zote mbili zinaandika azimo. Ukizisoma fanksheni moja moja, kila moja imeandikwa vizuri. Kosa liko katikati yao, katika ule upenyo kati ya kukagua na kuandika, na haliponi mpaka matendo hayo mawili yafanywe kuwa tendo moja lisilogawanyika. Makosa ya namna hii huonekana ukichora mchoro na kusogeza kidole hatua kwa hatua, na ni vigumu mno kuyakamata kwa kuendesha programu ukiwa peke yako.

Mpangilio wa majedwali na fanksheni hauna budi kuzingatia pia mabadiliko. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alishauri kwamba mfumo ugawanywe kwa kuangalia maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila sehemu ikificha uamuzi mmoja ili sehemu nyingine zisiutegemee. Ikiwa muda wa kuazima ni siku 14, basi 14 ikae mahali pamoja.

Anayedhani ninakuza mambo na akumbuke roketi ya Ariane 5, ambayo katika safari yake ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, iliacha njia na kusambaratika angani kiasi cha sekunde 40 tangu safari kuanza. Sehemu ya programu ya kupima mwelekeo ilirithiwa kutoka roketi iliyoitangulia, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila matatizo. Ilichukua namba ya biti 64, yaani iliyoandikwa kwa tarakimu 64 za 0 na 1, na kuiingiza katika nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 32,767; mwendo wa roketi mpya ulizalisha thamani iliyovuka kikomo hicho. Kompyuta ya akiba ilikuwepo, lakini iliendesha programu ileile, nayo ilishindwa vivyo hivyo. Kwamba kigeu kina ukubwa wenye mwisho ni somo la wiki ya kwanza.

Najua wapo watakaosema kwamba akili mnemba siku hizi huandika msimbo wenyewe, kwa hiyo haya yote yamepitwa na wakati. Mimi naona kinyume chake. Msimbo unaoandikwa na mashine husomeka vizuri na hutoa 8 kwa orodha ya 3, 8 na 5; atakayegundua kwamba kigeu kimeanzia pabaya ni mtu aliyewahi kuchora lile jedwali la safu mbili. Kadiri msimbo tusiouandika sisi unavyozidi kuwa mwingi, ndivyo uwezo wa kuusoma unavyozidi kuhitajika.

Ombi langu kwa wanaoandaa kozi ni kwamba wiki za mwanzo zitengewe karatasi, mitihani iwe na swali la kumpa mwanafunzi programu fupi yenye kasoro aeleze itatoa nini bila kuiendesha, na mradi wowote uanze kwa majedwali yaliyochorwa na kukaguliwa na mwenzake. Kwa anayejifunza peke yake, achukue programu ya mistari kumi iliyoandikwa na mtu mwingine, aandike pembeni jibu analolitarajia kwa kila hatua, ndipo aiendeshe. Pale jibu lake na la kompyuta yatakapoachana, akae hapohapo mpaka aelewe kwa nini, hata kama itamchukua jioni nzima.

Wako,
Mwalimu wa uandishi wa programu