Kaka, wewe ulijua, mimi nikala

Kaka shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu simu yangu hupokei, meseji unasoma unaacha, na shangazi kanambia nisikusumbue una mtihani. Mtihani wenyewe naujua. Baba mkwe wako yuko hoi hospitali tangu Jumatatu na wifi hajui, umemwambia eti nyumbani mtandao unasumbua. Tena kaka? Vile vile tena?

Miaka sita imepita na mi bado nimekaa kwenye ile meza ya Calle Ocho, mtaa wa Wacuba huku Miami. Ulinikuta nje ya kazini kwangu saa moja asubuhi, umetoka Tampa saa tisa usiku, masaa manne barabarani peke yako, mi nikafurahi kama mtoto nikajua umenikumbuka tu. Simu yangu ilikuwa imezima, ukasema lete niichaji kwenye gari. Ukanipeleka nikalala. Saa saba mchana ukaniamsha twende kwa Wacuba, na unajua mi kwa Wacuba siringi, ndo sehemu pekee Miami nakuta muhogo umechemshwa ukaiva sawasawa, wanaumwagia kitunguu saumu na maji ya danzi, danzi kabisa kaka, kama la uani kwetu, wao wanaita naranja agria.

Maharage meusi tukauliza kwanza kama yana nguruwe, yalikuwa nayo, tukaacha. Tukachukua wali mweupe, ndizi mbichi zile wanazokaanga wakaziponda bapa wakakaanga tena, na ropa vieja, nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzi nyuzi na nyanya na hoho. Jina lake maana yake nguo kuukuu. Ukacheka ukasema kama viraka vya mama. Ulimtaja mwenyewe kwa mdomo wako huku unajua!

Halafu mkaanza ubishi wa sandwichi ya Kicuba na yule mama mhudumu, wewe unatetea ya Tampa yenye salami, yeye anasema salami humo ni dhambi, na mimi na wewe hiyo sandwichi yenyewe hatuli, nguruwe mtupu, sijui tulikuwa tunabishania nini.

Watu walikuwa wachache, akavuta kiti. Akatusimulia alivyotoka bandari ya Mariel kule Cuba kwa boti mwaka 1980, ule mwaka walivuka watu kama 125,000, yeye ana miaka kumi na tisa. Mama yake akabaki Matanzas. Alipofariki barua ilichukua wiki tano kufika, na kinachomuuma mpaka leo ni kwamba zile wiki tano yeye alikuwa anaenda dansi. Kisha akanigeukia mimi, na nyie mi amor, mama yenu yupo? Nikamwambia yupo, yupo Tanga, mzima, tena mbishi kweli kweli.

Wewe ukawa unaokota punje za wali mezani, moja moja, unazipanga pembeni ya sahani. Nikadhani ustaarabu.

Mama alikuwa ameshazikwa. Baada ya swala ya Ijumaa, huku kwetu hata kulikuwa hakujakucha vizuri.

Na hapo bado ukangoja kahawa. Ikaja colada, kikombe kimoja cha kugawana na vile vikombe vidogo kuliko hata vya wauza kahawa wa Ngamiani, ila wao sukari wanaipiga na matone ya kwanza mpaka inatoa povu, na kashata hakuna. Nikanywa vitatu. Ndo ukasema. Nilichofanya baada ya pale nakumbuka kimoja tu, tulipita pale bustanini wazee wanacheza dhumna nikasimama nikawa nahesabu kete zao, wao wanachukua kumi kumi sio saba, nikakwambia kaka ona, kumi.

Umeshanambia mara mia kwamba mama mwenyewe alikuwa hampi mtu mwenye njaa habari ya msiba. Kweli. Siku ya babu alitunywesha uji kwanza. Lakini alitunywesha kimya, hakutuchekesha, hakuniacha nimwambie mgeni kwamba babu mzima.

Sasa sikiliza ushauri wa mdogo wako, mwambie wifi. Usiseme atazimia. Mi sikuzimia, mi nilinyamaza, na kama nilinyamaza miaka miwili na harusi yako sikuja, tiketi zilikuwa ghali, ruhusa sikupewa, na hata ningepewa basi. Na usinirudishie lile la simu ya Alhamisi. Mtu wa zamu ya usiku mchana ndo usiku wake, nilikuwa nimelala, nikaona mama kanipigia wakati navaa viatu niwahi basi, nikasema kesho Ijumaa nitampigia tuongee kwa raha. Mtu yeyote angesema kesho. Hata wewe ungesema kesho.

Jamani mnaosoma mnisamehe, hili sikupanga kuliandika.

Bili ulilipa wewe, na najua mfukoni ulikuwa na nini kipindi kile. Na uliendesha kurudi usiku ule ule ukawahi kazini. Hayo nayo sijayasahau kaka yangu.

Kesho Jumapili wifi haendi kazini. Usimpeleke kula popote. Mkalishe sebuleni, mpe simu yake mkononi, iwe na chaji.